Kopo Moja Mezani

Mama mkwe wangu alipofika Missoula, Montana, kutoka Iringa, ilikuwa mwishoni mwa Machi na theluji bado imeganda kwenye kingo za barabara. Alivua koti, akaketi mezani jikoni, akaona mizani ndogo yenye mkono mwembamba kama sindano ya kufumia. Akaniuliza, "Mama Neema, hii mnapimia dhahabu?" Nikamjibu kwamba ni ya mwanawe, ya kupimia baruti. Akatikisa kichwa, akaomba chai. Nami nikaishia hapo. Kosa letu lilianzia kwenye jibu hilo fupi.

Baba Neema alikuwa ameanza kujaza risasi mwenyewe. Mfugaji mmoja nje ya mji alimruhusu kuwinda kindi wa ardhini kwenye shamba lake la lusini, kwa sababu majira ya kuchipua yakifika wanyama hao hutoka mashimoni na kuyala majani machanga hadi shamba linabaki na mabaka. Jirani yetu mzee akamuuzia bunduki ya .22 Hornet, aina ya risasi ambayo Winchester ilianza kuiuza mwaka 1930, akampa pia mashine yake ya kujazia. "Risasi za hii huzikuti dukani kila siku," alimwambia. "Jifunze kupika mwenyewe."

Na kweli ni kama kupika. Unachukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, unalirudisha umbo lake kwa mashine, unaweka fataki mpya kitakoni, unamimina baruti iliyopimwa, kisha unakandamiza kichwa cha risasi juu. Shughuli yote iko kwenye baruti. Ganda la Hornet ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho, na baruti inayoingia humo haifiki gramu moja. Wajazaji hupima kwa greni, na greni moja ni kama miligramu 65. Kwenye ganda dogo namna hiyo, punje chache zikizidi au zikipungua, risasi si ileile tena.

Alinunua baruti tatu: Lil'Gun, H110 na H4227. Nilimuuliza kwa nini tatu, wakati mimi nikinunua unga nanunua mfuko mmoja. Akaniambia kila baruti ina mwendo wake wa kuungua. Kichwa cha risasi cha Hornet ni chepesi, kinaondoka haraka, kwa hiyo baruti ya polepole mno itabaki inaungua wakati risasi imeshatoka mtutuni. Ya haraka mno inapandisha shinikizo ghafla, na chuma kina mwisho wa uvumilivu wake. Unatafuta ile ya katikati, kisha bunduki yako yenyewe ndiyo inayoamua, kwani mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kupenda baruti mbili tofauti. Kwa hiyo unaanza na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa kitabuni, unapanda kidogo kidogo, unapiga risasi tano tano kwenye karatasi, na kitabu kikisema basi, ni basi.

Jaribio la kwanza lilimrudisha nyumbani amenuna. Kronografu, kile kifaa kinachopima kasi ya risasi, kilionyesha kasi zimetawanyika, hii juu, ile chini, na karatasini matundu yalikuwa yamesambaa kama punje za mtama zilizomwagika. Akailaumu baruti. Akasafisha mtutu. Akapima upya usiku kucha.

Mimi ndiye niliyeona. Nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai mkabala naye, mvuke ukipanda wima. Mashine ya kupasha nyumba joto ikawaka huko chini, na mara mvuke wa chai yangu ukalala upande. Nikatazama mizani: ule mkono mwembamba nao ulikuwa umeinama, ukacheza, ukatulia mahali pengine. Tundu la hewa ya moto lilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka mezani. "Baba Neema," nikamwambia, "unapima upepo." Akanitazama, akatazama mvuke, akainuka na kufunga tundu lile kwa ubao. Jumamosi iliyofuata zile kasi zilisogeleana, na matundu matano ya H4227 yakakaa ndani ya duara ambalo ningeweza kulifunika kwa kisoda.

Tulifurahi, na furaha ikatulegeza. Siku ya Alhamisi alikuwa amemimina H4227 kwenye bomba la plastiki la mashine ya kupimia pale simu ilipoita kutoka kazini. Yeye ni muuguzi, na zamu ilikuwa imepungukiwa mtu. Akaondoka mbio. Bombani vilibaki kama vijiko viwili vya baruti. Kando yake lilikuwapo kopo la Lil'Gun, lililotumika nusu.

Mama alikuja kuandaa meza ya chakula cha jioni. Ni mwanamke aliyelea watoto sita kwa debe la unga, na kwake kilichosalia hurudishwa chomboni, hakimwagwi. Akaona ungaunga wa kijivu umeachwa wazi. Akafungua kopo la jirani, akaona wa kijivu vilevile. Akaumimina humo taratibu bila kudondosha punje, akalitikisa kopo kama anavyotikisa debe ili unga ushuke, akalifunga, akafuta meza kwa kitambaa chenye maji. Meza ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuiacha mimi.

Jumamosi asubuhi Baba Neema akajaza kutoka kopo lile. Risasi ya kwanza, ya tano, ya kumi. Mahali fulani hapo kati mkono wa mashine ulikwaruza kidogo, akadhani ni uchafu. Ya kumi na nane ikakwaruza tena, krrr, kama jino linapokutana na mchanga kwenye wali. Akaacha. Akamimina baruti kwenye karatasi nyeupe chini ya taa, akaniita.

Nilisogeza miwani. Punje za Lil'Gun ni za mviringo, hupita mashineni kama maji. Katikati yake nikaona vijiti vifupi, kama vipande vya risasi ya penseli vilivyokatwa kwa wembe. Hiyo ndiyo sura ya H4227, na ndiyo iliyokuwa ikikatwa na mashine na kutoa ule mkwaruzo. Baba Neema hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ingekuwa ni H110, nisingejua." Maana H110 nayo ni ya mviringo. Hakuna kitabu chochote duniani chenye kipimo cha baruti mbili zilizochanganyika. Risasi ile angeifyatua uso wake ukiwa shubiri moja kutoka kwenye chuma.

"Nani ameshika makopo haya?" aliuliza, na safari hii sauti ilipanda. Mama alitoka chumbani akijifunga kanga. "Ni mimi, mwanangu. Niliona unga umebaki."

Naandika haya kwa sababu ya ukimya uliofuata. Nilimwona mwanamke mwenye miaka sabini na mbili akisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu. Nami nikajua, bila shaka yoyote, kwamba chungu tulikivunja sisi. Daftari la mume wangu lina kila kitu: tarehe, kipimo, hali ya hewa, kasi. Na ndani ya nyumba ileile kuna mtu mzima, mwenye akili na mikono ya kazi, ambaye hakuna aliyemwambia neno. Aliuliza siku ya kwanza kabisa, nikamjibu nusu. Nikamwambia mume wangu hivyo mbele ya Mama. Akanyamaza, kisha akapiga goti, akamshika mikono, akasema, "Nisamehe, Mama. Kosa ni langu."

Mchana ule alizivunja zile risasi kumi na nane moja moja kwa nyundo maalumu ya plastiki inayong'oa kichwa. Kisha tukatoka wote nyuma ya nyumba, kwenye kokoto zilizoloa theluji. Akamwaga sehemu ndogo ya baruti ile kwa mstari mwembamba, akamwambia Neema arudi nyuma, akawasha ncha kwa njiti ndefu. Mama alijiziba masikio. Haikulia. Ilifanya fuuu, moto wa manjano ukakimbia hadi mwisho wa mstari na kuacha alama nyeusi.

"Mbona haikupasuka?" Mama aliuliza.

"Ikiwa wazi inaungua tu, Mama. Ikifungiwa ndani ya chuma ndipo inasukuma."

Akafikiri. "Kama mvuke ndani ya sufuria iliyofungwa mfuniko."

"Ndivyo hasa."

Akataka aone tena. Tulichoma kopo lote, kidogo kidogo, hadi vidole vikafa ganzi kwa baridi. Jioni hiyo yeye ndiye aliyetoa sheria: kopo moja mezani, mengine kabatini na ufunguo. Kinachobaki bombani kinarudi kwenye kopo lake kabla mtu hajainuka, hata simu ikilia. Akachukua karatasi yenye gundi, akaandika kwa mwandiko wake wa shule ya zamani BARUTI, USIGUSE, MWULIZE BABA NEEMA, akabandika kwenye mlango wa kabati kwa urefu wa macho ya mtoto.

Kopo jipya la Lil'Gun lilijaribiwa Mei, kuanzia kipimo cha chini, na bunduki yetu ikaipenda kuliko zote. Mama alishakuwa amerudi Iringa. Kila Jumamosi hupiga simu, tunasalimiana, anauliza habari za shule ya Neema, habari za zamu, habari za afya yangu. Kisha anauliza, "Na mezani, makopo mangapi?"

Nageuka nitazame kwanza, ndipo namjibu: "Moja, Mama."