Barua Iliyopandishwa Cheo

Mpwa wangu ana dawa moja kwa magonjwa yote ya kompyuta: kuifungua programu kama msimamizi. Ikichelewa, msimamizi. Ikiganda, msimamizi. Feni ikipiga kelele, nadhani angeipa hiyo hiyo.

Juzi alinikuta nalalamika kwamba programu ya kuandikia barua inajivuta. "Haina mamlaka, mjomba," akasema. Windows ilipouliza kama ana uhakika, alikubali kabla sijamaliza kulisoma swali. Programu ikafunguka, ikajivuta vilevile, ila sasa kwa cheo.

Nina kaprogramu kanakonichapia maneno ya kila barua: nikigusa vitufe viwili, "Husika na kichwa cha habari hapo juu" inajiandika yenyewe. Nikagusa. Kimya. Nikaburuta nembo kutoka kwenye folda niiweke kwenye barua. Mshale ukageuka duara lenye mstari katikati, nembo ikabaki kwao.

Tangu toleo la Vista liingie madukani Januari 2007, Windows huipa kila programu daraja la uaminifu. Za kawaida hukaa kati, za msimamizi hupanda juu, na Internet Explorer 7 ilishushwa chini kwa sababu ilikuwa ikishinda na wageni asiowajua mtu. Wa chini hamwandikii wa juu, wala hambonyezei vitufe. Mafaili ya huyo wa juu kwa kawaida anaweza kuyasoma, jambo ambalo bado linanikera: haya, asiibadili barua yangu, lakini aisome?

Zamani dirisha lolote lingeweza kulitumia jingine ujumbe bila kuulizwa limetoka wapi. Mwaka 2002 ikaonyeshwa hadharani kwamba programu duni ingeweza kuitumikisha yenye mamlaka makubwa kwa njia hiyo. Ukuta ukajengwa, na una adabu za ajabu: anayetuma vitufe haambiwi kwamba amekataliwa. Ni mkubwa aliyepanda cheo, simu inaita tu hadi inakata.

Nikamwambia mpwa tuifunge barua, tuifungue kikawaida.

"Tushuke tena, mjomba?" Akaumia kweli. Badala yake akakapandisha cheo na kale kaprogramu, na maneno yakaanza kumiminika. Nembo ikagoma bado, maana folda ilikuwa ingali raia wa kawaida. Nilipokwenda kuchemsha chai alikuwa anatafuta namna ya kuipandisha folda, na kutoka jikoni nikamsikia akiuliza kama printa nayo ina admini.