Mawese ya Kamembe

Saa ya mkononi ya mhasibu mmoja wa Ujiji ilifika Kamembe, mji mkuu wa wilaya ya Rusizi, bila kuambiwa kwamba imevuka mpaka. Iliendelea kusoma majira ya Tanzania, yaliyo mbele ya Rwanda kwa saa moja. Shemeji yake alikuwa amemwambia wakutane saa saba mchana kwenye mkahawa mmoja ulio mteremkoni, unaotazama Ziwa Kivu na mabati ya Bukavu ng'ambo ya maji. Saa saba kamili mhasibu akaketi. Kumbe ilikuwa saa sita, na mpishi alikuwa bado anamenya viazi.

Akaona apoze koo kwanza.

"Dada, naomba soda."

"Fanta gani?"

"Sitaki Fanta. Nataka soda."

"Ndiyo, mzee. Fanta gani?"

Walizunguka hivyo mara tatu kabla ya kijana wa meza ya jirani kuwahurumia. Rwanda soda zote ni Fanta: kuna Fanta Coca, kuna Fanta Citron, na ile ya chungwa nayo ni Fanta Orange. Mhasibu amezoea kila kitu kikae kwenye safu yake, basi hiyo Fanta Coca aliinywa kama mtu anayetia saini hati asiyoiamini.

Lugha yenyewe haikuwa tatizo. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, lakini Kamembe haikuwa imesubiri sheria hiyo. Hapa Kiswahili huvuka daraja la Rusizi pamoja na akina mama wanaobeba nyanya na samaki. Tatizo ni majina ya vyakula, ambayo hayapiti uhamiaji.

Shemeji alipotokea, tena kwa wakati, mhasibu alikuwa amekwisha kuikariri menyu. Jina moja lilikuwa limemvutia kuliko yote: akabenz. Kwa akili yake ya hesabu, chakula chenye jina la Mercedes-Benz hakiwezi kuwa cha ovyo. "Tuletee hiyo Benz," akasema, "na isichelewe." Mhudumu alitazama kofia ya kiua kichwani pake, akamtazama shemeji, akainama na kusema kwa upole:

"Mzee, hiyo Benz haiendi msikitini."

Ndivyo Wanyarwanda wanavyoiita nyama ya nguruwe ya kukaanga. Mhasibu aliomba msamaha kwa wote waliokuwapo, wakiwamo wasiosikia, akaagiza sambaza kwa ndizi.

Kisha wakangoja. Wageni wengi nchini Rwanda hujifunza mapema kwamba mshikaki huanza kuchomwa baada ya wewe kuutaja, na samaki vivyo hivyo. Mtu mzoefu huagiza, huenda kunyoa nywele, kisha hurudi. Mhasibu hakuwa mzoefu, na mbele yake alikuwa ameketi shemeji aliyeishi Montreal miaka sita.

Montreal ina Wahaiti wengi, na jirani na chumba alichopanga shemeji palikuwa na mkahawa wao. Tangu arudi nyumbani, hakuna sahani inayotua mezani bila kupimwa kwa ule mkahawa. Akaanza na griot: nguruwe anayelowekwa kwenye maji ya madanzi, akachemshwa, kisha akakaangwa mpaka awe rangi ya kahawia. ("Akabenz ya Karibiani," alisema, kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ameponea chupuchupu.) Akaja kwenye ndizi zinazokaangwa, zikapondwa bapa, zikarudishwa mafutani mara ya pili. Akapita kwenye wali unaopikwa kwa maji ya uyoga mkavu hadi ukawa mweusi kama wino. Dakika arobaini zikawa zimekwisha. Mhasibu, ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, alimwomba Mungu ampe subira na shemeji ampe nafasi.

Nafasi haikupatikana, maana sasa ilikuwa zamu ya supu ya boga. Wahaiti wanaiita soup joumou. Enzi za utumwa, watumwa waliipika na mabwana wa Kifaransa wakainywa. Tarehe 1 Januari 1804 Haiti ilipotangaza uhuru, waliokuwa wakiipika wakaanza kuinywa wao, na mpaka leo kila mwaka mpya hupikwa nyumba kwa nyumba. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Shemeji aliongeza kwamba Haiti si mbali na hapa kama watu wanavyodhani: baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, walimu na madaktari wengi wa Kihaiti walikuja kufanya kazi Kongo, na mtengeneza filamu Raoul Peck, aliyetoa filamu ya Lumumba mwaka 2000, alikulia Kinshasa. Yote hayo ni kweli, na hakuna hata moja linaloshibisha.

Hatimaye sambaza wakaja, mlima mzima, wakavu, wanavunjika kwa sauti. Hapo mhasibu akachangamka, maana aliwatambua. Hawa ni watu wa kwao. Sambaza ni jamii ya dagaa wa Tanganyika, ndio wale Kigoma wanaowaita lumbu; walichukuliwa huko na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Mto Rusizi unatoka Kivu ukishuka kwenda Tanganyika, kwa hiyo samaki hawa hawakupanda maporomoko kwa mapezi yao. Walibebwa, kama mhasibu alivyobebwa na basi.

Kando ya sahani palikuwa na kichupa kidogo chenye mafuta ya rangi ya machungwa. Mtu wa Kigoma akiona mafuta ya rangi hiyo haulizi swali: ni mawese. Kilichomshangaza ni ubahili. Mawese kwenye chupa ya dawa ya macho! Akafungua, akakamua, akakamua tena mpaka sahani yote ikang'aa.

Shemeji aliona, akanyamaza.

Ilikuwa Akabanga, pilipili maarufu kutoka Nyirangarama, ambayo waungwana huhesabu kwa matone. Kwa punje tatu za kwanza mhasibu alitafuna kwa furaha. Ya nne hakuimaliza. Masikio yakaanza kuwaka, machozi yakatoka bila msiba, akaidaka glasi ya maji, nayo ikazidisha moto, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji. Mhudumu alikuwa amekwisha kukimbilia jikoni. Alirudi na ikivuguto, maziwa ya mgando, na kwa glasi ya pili ulimi ukaanza kurudi kwa mwenyewe.

"Shemeji, uliniona!"

"Nilikuona. Montreal nami walinipa kachumbari ya kabichi inaitwa pikliz, nikajaza kijiko. Mhaiti aliyenihudumia alisimama pale pale akinitazama."

Sambaza waliobaki waliomba wafungiwe. Walitiwa kwenye mfuko wa karatasi, kwani ya plastiki Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, na mafuta yakapenya taratibu mpaka kwenye suruali ya mhasibu, doa la mviringo, rangi ya mawese.

Nyumbani dada yake, mzaliwa wa Ujiji aliyeolewa Kamembe miaka kumi iliyopita, aliufungua mfuko kabla hata ya kumsalimia vizuri. Wanaume wawili wakatazamana. Akatia sambaza mmoja mdomoni, akatafuna, akameza, akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Mbona hawa hawana pilipili?" akauliza, huku akifungua kichupa.