Chupa Iliyoota Mvi

Kijana wa fundi redio alitokeza mlango wa jikoni na sinia la glasi tupu, akauliza swali ambalo kila mhudumu wa baa nchini huuliza: "Wazee, ya moto au ya baridi?" Hakuna aliyemjibu. Wazee watatu waliokaa uani, Ngamiani mjini Tanga, Barabara ya Nane, walitazamana kama wapangaji waliodaiwa kodi, kisha wote wakamgeukia mwandishi wa makala haya, maana ndiye aliyewaita waje kuonja bia zilizozeeka.

Jibu sahihi lilikuwa "si ya moto wala si ya baridi", na jibu hilo lilikuwa limeshamharibia mwandishi kwa shangazi yake tangu asubuhi.

Wanaozijua bia kongwe husema zinywewe zikiwa na nyuzi 12 hadi 15 hivi, kwa sababu baridi kali huufanya ulimi ufe ganzi. Friji ilikuwa na nyuzi 4. Tanga yenyewe, mwezi wa Februari, ilikuwa na 32. Katikati ya hayo mawili mwandishi aliona chombo kimoja tu: mtungi wa shangazi. Alfajiri akaitumbukiza humo chupa ya bia ya Ubelgiji, kwa hesabu kwamba ikifika jioni itakuwa imepoa kwa adabu.

Alisahau mambo mawili. La kwanza, mtungi hupoza pale maji yanapopenya kwenye udongo na kukauka nje yakiondoka na joto. Dodoma kwenye hewa kavu kazi hiyo inafanyika vizuri. Tanga hewa imeshashiba maji, haina pa kuyapokea mengine. La pili, lebo ya karatasi haijui kuogelea. Saa nne asubuhi shangazi aliteka maji ya kunywa, akakuta ndani ya kata picha ya mtawa mnene wa Kizungu ameinua bilauri, anatabasamu.

"Baba," alisema kwa upole unaotisha kuliko ukali, "huyu ameingiaje kwenye maji yangu?"

Mtungi ulimwagwa, ukasuguliwa, ukasuuzwa mara saba. Mwandishi alihesabu.

Chanzo cha yote ni kusoma. Mwandishi alikuwa amesoma habari za bia ambazo Waingereza huziweka kama sisi tunavyoweka hati za kiwanja. Mwaka 1902 Mfalme Edward VII alitembelea kiwanda cha Bass mjini Burton, akaanzisha kwa mkono wake upikaji wa bia iliyoitwa King's Ale, na zaidi ya miaka mia baadaye bado kuna watu wanaozifungua chupa zake na kuzinywa. Mwaka 1968 kiwanda cha Eldridge Pope cha Dorchester kikatengeneza Thomas Hardy's Ale kumkumbuka mwandishi wa riwaya Thomas Hardy, aliyefariki mwaka 1928. Nguvu yake ilikaribia asilimia 12, na ilinadiwa kwamba ikitunzwa vizuri itafika miaka 25 inazidi kunoga.

Mtu mwenye busara angesoma hayo akafunga kitabu. Mwandishi alikumbuka kwamba nyuma ya kabati la vyombo kuna chupa ya bia ya hapa hapa nchini, iliyobaki kwenye harusi ya mdogo wake miaka sita iliyopita. Akajiuliza: ya Mwingereza ikiota mvi inapendeza, ya Tanga ina kosa gani?

Ina makosa yote. Tangu Tanganyika Breweries ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1933, bia ya viwandani ya nchi hii imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kiu leo. Nguvu yake ni asilimia tano hivi, imechujwa, imepashwa moto ili chachu na vijidudu vife, na imekusudiwa inywewe ndani ya miezi. Bia za kuzeeka ni kabila jingine: nzito, nyeusi au za hudhurungi, zenye kilevi kingi, na nyingi zina chachu hai ndani ya chupa inayoendelea kula hewa ya oksijeni na kuilinda. Zaidi ya hayo zinakaa gizani kwenye nyuzi 12 hivi. Wanakemia wana kanuni ya mkono kwamba joto likipanda nyuzi 10, mambo huharibika kwa kasi karibu maradufu. Kutoka 12 ya Burton hadi 32 ya nyuma ya kabati letu ni mara nne. Chupa ya harusi, kwa hesabu hiyo, haikuwa na miaka sita. Ilikuwa na 24, na maisha magumu.

Dukani ingehesabiwa bidhaa iliyopitwa na wakati na watu wa TBS, shirika la viwango, wangeiondoa. Nyumbani iliitwa "ya kumbukumbu".

Waonjaji walikuwa wa kuaminika kila mmoja kwa njia yake. Fundi redio alikuja kwa sababu husikia mkwaruzo ambao wengine hawausikii, akadhani na ladha ni hivyo hivyo. Wa pili alikuwa mfamasia mstaafu. Wa tatu ni dereva wa basi, Mdigo wa Mkinga, ambaye alitangaza kabla hajakaa kwamba hizo hesabu za miaka ni ushamba. Kwao, alisema, kinywaji hupimwa kwa saa.

Hapo alikuwa na haki ya kusikilizwa. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akalikata karara kidogo kwa kotama, akakinga utomvu kwa kibuyu. Chachu ya porini huanza kazi kabla kibuyu hakijashuka. Tembo likiwa bichi ni tamu la kumpa mgonjwa, mchana limeshachangamka, jioni ni kali, likilala, asubuhi limeingia uchachu, na siku chache zijazo ni siki. Watu wa Tanga hutaniwa kwa msemo wa "waja leo, waondoka leo", lakini anayestahili msemo huo ni tembo la mnazi. Dereva alidai kwamba akipewa bilauri amefumba macho anaweza kutaja saa lilipogemwa, na pengine upande wa mti. (Kwa Kidigo kinywaji hicho huitwa uchi. Mgeni wa bara akikaribishwa kwa mara ya kwanza kwenda kunywa uchi huwa anaangalia kwanza nani mwingine anakwenda.)

Fundi akakumbusha kwamba Tusker ya Kenya ilipata jina baada ya George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda, kuuawa na tembo mwaka 1923. Dereva alifurahi kupita kiasi. "Nimesema! Tembo anawashinda tangu zamani."

Chupa ya harusi ikamiminwa. Rangi ilikuwa imeelekea kwenye chai ya rangi, na povu lilitokea, likaona hali, likarudi. Wote walikunywa pamoja kama watu wanaoruka mtaro.

"Boksi," alisema mfamasia.

"Boksi la nini?"

"La sabuni. Limenyeshewa."

Alikuwa amegonga penyewe bila kujua. Oksijeni kidogo iliyobaki chini ya kizibo hushirikiana na joto kuamsha kemikali iitwayo nonenali, na ulimi wa binadamu huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni. Duniani kote waonjaji wa bia huielezea kwa neno moja: karatasi ngumu iliyolowa. Fundi aliongeza kwamba nyuma ya boksi kuna utamu wa sukari iliyoungua, na kwa kweli ulikuwepo. Kama wangeishia hapo, jioni ile ingekuwa na heshima yake.

Ya pili ilikuwa chupa ya kijani kutoka nje ya nchi, mchango wa dereva. Aliinunua kwenye duka moja la njiani, ilikokuwa pambo la dirishani kwa muda ambao hata mwenye duka hakuukumbuka, inalitazama jua la asubuhi. Mwanga ukipenya kwenye kioo cha kijani huvunja ule uchungu unaotoka kwenye maua ya hopi na kuzaa kitu chenye salfa, ambacho Wamarekani hukifananisha na mnyama wao mmoja mwenye kunuka. Sisi hatuhitaji kuazima mnyama. Kijana alipoing'oa kizibo jikoni, mfamasia aliyekuwa uani aliinua miguu yake kutoka sakafuni.

"Kicheche kaingia?"

Hiyo haikunyweka. Ilimwagwa chini ya mpapai, na kuku waliokuwa hapo walihamia kwa jirani.

Katika kusubiri hewa isafike, mazungumzo yaliingia kwenye suala la mahali pa kuhifadhia. Mwandishi alipendekeza Mapango ya Amboni, kilomita chache tu nje ya mji: giza lipo, utulivu upo ukiwaondoa popo. Mfamasia akakataa kwa hoja mbili. Pango hushika wastani wa joto la mahali lilipo, na wastani wa Tanga hautofautiani sana na Tanga. Halafu mle watu huweka tambiko. Nani atabisha mzimu ukijipakulia? Lushoto ndiko kwenye akili, alisema, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ambako Wajerumani walikimbilia baridi. Na huko Usambara, Sakharani karibu na Soni, watawa Wabenediktini hutengeneza mvinyo, kama wenzao wa Ubelgiji watengenezavyo bia.

Hata baridi na giza si dhamana. Mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta chupa za bia kwenye meli iliyozama miaka ya 1840 karibu na visiwa vya Åland, Ufini, kina cha mita 50 hivi. Ukitaka ghala bora kuliko hilo utakwenda mwezini. Watafiti wa taasisi ya VTT walizifungua mbili, na maelezo yao ya mwaka 2015 yanataja harufu ya mpira ulioungua, jibini iliyopitiliza, na mbuzi. Fundi alitaka kujua ni mbuzi jike au beberu. Mwandishi alisema watafiti hawakufika huko.

Ndipo ikaletwa chupa ya Ubelgiji, haina lebo tena, imebaki nyeusi na nzito. Mwanawe shemeji aliyeko Antwerp aliituma miaka mitatu iliyopita. Asilimia 10, chachu hai, jamii hasa ya kuzeeka. Mfamasia aliomba kuishika. Akaielekeza juani, akaona tope limetulia chini, na miaka thelathini ya dirisha la dawa ikamwamkia mkononi. Kabla mtu hajafungua mdomo alikuwa ameshaitikisa mara sita, kwa nguvu, kama dawa ya malaria ya watoto.

"Tikisa kabla ya kutumia," alieleza, akang'oa kizibo.

Bia hai iliyokaa miaka mitatu Ngamiani ina mengi ya kusema. Ilipanda juu ya ukuta wa ua ikiwa nguzo moja ya hudhurungi, ikatua kwenye kamba ya jirani, ambako kanzu nyeupe ilikuwa ikikauka. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Jirani ni ustadhi.

Kilichobaki kilitosha vidole viwili kwa kila mmoja, na ni haki kusema kilikuwa kizuri ajabu: tende, zabibu kavu, mkate uliokaribia kuungua, na mwishoni joto linaloshuka taratibu kifuani. Hakuna aliyefurahia. Wote walikuwa wakiitazama kanzu.

Kijana, kwa kuona wazee wamenyamaza, alileta glasi za nne. Mwandishi alidhani ni mchango wa fundi. Fundi alidhani ni wa mwandishi. Kinywaji kilikuwa cha manjano, kimetulia, hakina povu. Fundi alisema kina kona kali lakini safi, hakuna mkwaruzo. Mfamasia alisikia mti, matunda, na kitu kama maganda ya ndimu. Dereva alifumba macho, akazungusha mdomoni, akachukua muda wake.

"Hii," alisema, "ndiyo imezeeka na akili zake. Mzungu huyu anajua kazi. Miaka kumi, haipungui."

Mlango wa mbele ukalia. Shangazi alikuwa amerudi kutoka kwenye maulidi kabla ya wakati. Watu wazima wanne wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia mara moja. Alikuwa akimtazama kijana mlangoni mwa jikoni, aliyeambiwa asubuhi alete "chupa zote za kahawia zilizoko nyuma ya kabati", naye akaleta zote. Mkononi alishika chupa ya bia ya zamani isiyo na lebo, na mkono wa pili kizibo chake, gunzi la muhindi lililofungwa kitambaa.

"Nani kagusa siki yangu ya achari?"

Ilikuwa tembo lililolala. Mgema mmoja alimwachia shangazi lilipokwisha kuchacha na kukosa mnunuzi, na yeye akaliweka tangu Ramadhani ya mwaka juzi, likisubiri embe mbichi. Dereva wa Mkinga aliketi polepole, akaomba maji. Akakumbushwa kwamba mtungi bado unakauka.

Kanzu ilifuliwa mara tatu usiku ule. Kesho yake mwandishi aliipeleka kwa jirani, akaeleza kwamba ilimwagikiwa na chai ya mkandaa. Ustadhi aliinusa bega, akaikunja.

"Chai hii," alisema, "imeiva sana."

Shangazi hakuzungumza jambo hilo tena. Aliikagua ile chupa ya Ubelgiji, akaigonga kwa ukucha, akaupenda unene wa kioo chake. Imeoshwa, ina gunzi jipya, imejazwa tembo la juzi, na ipo uvunguni mwa kitanda chake, chumbani, mlango una kitasa.