Bamvua la Nusu Mwezi

Mswada wa riwaya, yaani maandishi ya kitabu kabla hakijafika kwa mchapishaji, ukitumbukia katika maji ya kivuko cha Likoni huhitaji siku nne za jua kali kabla kurasa zake hazijakubali kuachana, na kwa kuwa nyumba nyingi za kupanga hazina pa kuanikia isipokuwa kamba ya uani inayotumiwa na wapangaji wote, siku nne hizo zinatosha kabisa kwa kila mpangaji kuipitia sura ya saba baina ya foronya na kanga, na kuitolea hukumu. Hilo limethibitishwa wiki hii kwa gharama ya karatasi 212 na heshima ya mtunzi mmoja, ambaye hadi Jumatatu alijulikana mtaani kama mtu mkimya afanyaye kazi za kompyuta.

Ili aibu yenyewe ieleweke, ni lazima kwanza yaelezwe maji. Bahari ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda unaozidi siku moja kidogo, na kwa sababu mwezi nao huwa umesogea katika njia yake, maji ya kesho hujaa kiasi cha dakika 50 baada ya saa ya leo. Hilo kila mtoto wa pwani hulijua. Lisilojulikana na wote, na hasa na watu wanaotunga riwaya, ni kwamba kujaa kwenyewe kuna daraja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari katika mstari mmoja, maji yakapanda sana na kupwa sana, na hali hiyo ndiyo iitwayo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, kama wake wenza wenye sufuria moja, na bahari ikabaki katikati isijue imtii nani, nayo hali hiyo huitwa maji mafu. Katika mkondo wa Kilindini, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3 wakati wa bamvua, na wakati wa maji mafu hushuka ikawa kama mita moja tu. La ajabu zaidi, ambalo linastahili kitabu kizima na pengine kitabu hicho kingenunuliwa, ni kwamba bamvua la Mombasa lina saa zake: hujaa aghalabu karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, mwezi baada ya mwezi, tangu kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593.

Feri ya Likoni imeundwa kwa kuyatii maji hayo. Haina mbele wala nyuma, kwani kila ncha ina bamba la chuma linaloshushwa juu ya mteremko wa saruji, magari na watu wakaingia upande mmoja na kutokea wa pili, na chombo kikarudi kilikotoka bila kugeuka. Mteremko wenyewe haubadiliki. Kinachobadilika ni mahali maji yanapoukomea. Yakijaa, abiria hupiga hatua chache akawa ndani, na yakipwa kwa bamvua hutelemka mbali, mpaka kwenye saruji ya chini yenye utelezi wa mwani, na hapo ndipo mkokoteni hugeuka kiumbe kingine. Mkokoteni uliobeba madumu 20 ya lita 20 una kilo 400 za maji peke yake, na mwenye kuusukuma barabarani, huko chini husukumwa nao, akiegemea nyuma kwa visigino na kuomba njia kwa sauti ambayo haiombi. Watembea kwa miguu hawalipi nauli katika kivuko hicho. Hulipa kwa vifundo vya miguu.

Jumatatu, saa nne asubuhi, mwezi ukiwa umeandama juzi yake, mtunzi aliuteremka mteremko huo na mswada katika bahasha ya khaki kwapani, akienda kisiwani kutoa nakala, na hakusikia sauti ya kuomba njia kwa sababu alikuwa akilitafutia neno huzuni kisawe. Mkokoteni haukumgonga, ulimpapasa tu. Bahasha ilifunguka, karatasi zikatandazika majini kama mikate ya maji, na abiria wa Likoni, ambao ni wepesi wa kuokoa kuliko watu wengi duniani, waliingia hadi magotini, wenye suruali za ofisini kwa wenye vikapu vya samaki, wakazirudisha karatasi 209. Shukrani za mtunzi zilikuwa za dhati, nazo zilidumu kwa kiasi cha nusu dakika.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari, baada ya kuuliza kwa adabu inayochoma, "Babu, hii ni yako?" (mtunzi ana miaka 46), aliitazama karatasi iliyokuwa juu ya furushi lake na kuanza kuisoma kwa sauti, pengine kwa mazoea ya darasani. Karatasi hiyo ilikuwa ya sura ya saba, ambamo kijana Idrisa anavuka kwa mashua usiku wa manane chini ya nusu mwezi, bamvua likiwa limejaa hadi kwenye majani ya mikoko, kumfuata mpenziwe Mtongwe, na akifika anamwambia maneno ya kurasa mbili unusu. Kuvuka Likoni ni kazi ya dakika chache, lakini hakuna namna ya kushuka katikati, na hilo ndilo linaloitofautisha feri na duka la vitabu. Mama mmoja muuza viazi karai, alipofika mwanafunzi kwenye sifa za shingo, alisema kwamba mume asemaye yote hayo hana kazi. Mwenziwe akamwambia amwache mtoto asome, kwa kuwa bado haijajulikana kama huyo mwanamke ameolewa. Hayo yangeweza kuvumiliwa, kwa maana uhakiki wa aina hiyo umo hata vyuoni. Lisilovumilika lilitoka kwa mzee mvuvi aliyekuwa amekaa juu ya kamba zake, aliyeinua mkono, akasubiri kimya, kisha akasema bila hasira yoyote: "Mwanangu, nusu mwezi haina bamvua. Na saa sita ya usiku, nusu mwezi, maji yatoka, hayaingii. Huyo Idrisa wako alishuka akatembea matopeni."

Feri nzima ilitikisa kichwa. Mtunzi ameishi Likoni miaka 19, na katika muda huo ameandika neno bahari mara zisizo na idadi, ila hajawahi kumuuliza mtu yeyote inakwenda wapi inapoondoka. Ilibainika hapo hapo, mbele ya abiria na kuku wao, kwamba neno bamvua alilichagua kwa uzuri wa sauti yake.

Wanaochunguza maisha ya waandishi hawaulizi habari za maji; hupenda kujua huamka saa ngapi, hula nini na huandikia wapi. Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa posta, alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa, na mtumishi wa kumwamsha akamlipa nyongeza ya pauni 5 kwa mwaka. Mtunzi wa Likoni huamshwa bure, na jogoo asiye na saa. Muhammed Said Abdulla, aliyemzua mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alikula mshahara wa kuhariri gazeti la kilimo la Zanzibar, Mkulima. Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliyaandika mashairi ya Sauti ya Dhiki kifungoni, baina ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni, na Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa namna hiyo hiyo katika gereza la Kamiti mwaka 1978. Mtunzi wa uani, mtoto wa jirani anapoingia mara ya tisa kuomba chaja, huwaonea wivu mlango uliofungwa, kisha huona haya kwa wivu huo, kisha humpa mtoto chaja. Huko Kisauni, kwenye Freretown ya watumwa walioachwa huru ambayo James Mbotela aliisimulia katika Uhuru wa Watumwa (1934), ipo kengele iliyolipa jina Kengeleni, na ya namna hiyo ingefaa sana uani, kutangaza wageni.

Abdulrazak Gurnah alikuwa akitengeneza chai mwaka 2021 simu ya Tuzo ya Nobel ilipoingia, akadhani ni mzaha; mtunzi alikuwa akitengeneza chai Jumatano simu ilipoingia, akadhani ni mhariri, kumbe ni tapeli wa pesa zilizotumwa kimakosa. Alhamisi mbuzi alikula shukrani na dibaji.

Kuna jambo lisilochekesha. Mrabaha ni fungu la bei ya kitabu ambalo mchapishaji humlipa mwandishi, mara nyingi kama asilimia 10, na riwaya ya kwanza ya mtunzi huyu, iliyomla miaka sita, ilimletea kwa mwaka mzima uliopita shilingi 3,140, zilizofika zimechelewa kwa miezi saba na bila barua. Nchini Kenya riwaya ya Kiswahili huishi ikiteuliwa kuwa setibuku, yaani kitabu cha kutahiniwa sekondari, kama ilivyokuwa bahati stahiki ya Siku Njema ya Ken Walibora, na isipoteuliwa hufa. Hata ile iliyoteuliwa husomwa ili swali lijibiwe, na mtihani ukiisha kurasa zake hufungiwa karanga. Msomaji aliyeuliza kama mwanamke wa sura ya saba ameolewa, kwa hamu ya kujua tu, bila alama wala mwalimu, hayumo katika hesabu ya mchapishaji yeyote, na mtunzi alimpata kwa kuangusha mswada baharini.

Sura ya saba sasa inaandikwa upya, majedwali ya maji ya Mamlaka ya Bandari yakiwa wazi mezani. Idrisa atavuka mwezi ukiwa mpevu, saa kumi alfajiri, ingawa mama wa viazi karai, aliyeulizwa kando, amesema kwamba saa hiyo mtu hapokewi kwa mapenzi bali kwa mwiko wa ugali. Kurasa za 41 hadi 43 hazijapatikana. Ijumaa, kituoni Likoni, makanga wa matatu ya Ukunda alisikika akiwaita abiria wa kike kwa sentensi ya ukurasa wa 42, neno kwa neno, akipumua palepale penye mkato, na gari likajaa kabla ya dakika tano. Mrabaha haukulipwa.