Mbu wa Mchana na Mzee Chandarua

(Saa saba mchana, Kigogo, bondeni mwa Msimbazi, Dar es Salaam. Chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda. Mbu mwenye madoa meupe miguuni anaingia dirishani.)

MBU: Shikamoo, Mzee Chandarua.

CHANDARUA: Marahaba. Binti, huoni haya? Jua la utosi, unazurura vyumba vya watu!

MBU: Babu, wa usiku ni wale wa malaria. Mimi wa dengue, zamu yangu mchana, wewe ukiwa umefungwa fundo. Mwaka 2019 waliugua maelfu katika jiji hili.

CHANDARUA: Wakubwa wanakujua. Desemba 2023, kule Dubai, mkutano wa tabianchi ulitenga siku ya afya kwa mara ya kwanza. Nchi zaidi ya 120 zikaunga mkono azimio la tabianchi na afya!

MBU: Nami sikukaa bure. Wakisaini wao, mvua za El Niño zilikuwa zinanijazia matairi.

CHANDARUA: Usikejeli. Mkakati wa kukudhibiti upo.

MBU: Naujua. Nimezaliwa kwenye kisahani cha chungu cha maua, nje ya ofisi ulikoandikwa.

CHANDARUA: Subiri baraza la madiwani likae.

MBU: Hukaa kila robo mwaka, babu. Joto likipanda, mimi kutoka yai hadi mabawa ni wiki moja na ushei. Ajenda ikifunguliwa, nina vilembwe. Mvua ikikata, mayai yangu huvumilia ukavu miezi kadhaa. Fungu la bajeti, je, huvumilia?

CHANDARUA: Na kile kiwanda cha Kibaha, cha dawa ya kuua viluwiluwi, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba?

MBU: (Anashtuka.) Taratibu, babu, watu watasikia! Mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zikainunue dawa hiyo. Usingizi ulinipaa.

CHANDARUA: Ikawaje?

MBU: Ingekuwa inamwagwa kila palipotuama maji, kila msimu wa mvua, leo ningekuwa hapa nakupa shikamoo?

CHANDARUA: Kumbe hukuogopa azimio hata siku moja!

MBU: Azimio haliui kiluwiluwi. Kwaheri, mwenye nyumba amejilaza bila shati.

CHANDARUA: Enyi wenye nyumba, amkeni! Mwageni maji ya matairi leo hii. Na diwani akija kuomba kura, mwulizeni swali moja tu: halmashauri yetu imenunua lita ngapi za dawa ya Kibaha mwaka huu?