Mhadhara Juu ya Majina ya Wakamba, Uliotolewa Wote na Bingwa Asiyealikwa

Hadhirina watukufu, wazee wa Makueni na akina mama mliouvuka mto Athi kutoka Kitui ili mnisikilize mimi, ambaye umahiri wangu katika mambo yenu umeshuhudiwa na mimi mwenyewe, nawasihi mtulie, maana leo nitawajulisha mnaitwa nani.

Ninyi mwajiita Akamba, wala sina kinyongo. Lakini kwa mujibu wa elimu yangu, mwenye jina ndiye shahidi wa mwisho kuulizwa. Watazameni Walakota wa Marekani: Wafaransa walilitwaa neno ambalo jirani zao Waojibwe waliwaitia, wakalikata kichwa wakabakiza mkia, ukawa Sioux, na mkataba wa 1868 ukaandikwa kwa mkia huo huo.

Kwetu mambo yalikwenda kwa fahari zaidi. Alikuwapo mtabiri Masaku. Ulimi wa Mwingereza ulipomfikia akawa Machakos, na Makueni ikakaa chini ya jina hilo hadi ilipotengwa kuwa wilaya mwaka wa 1992. Kadhalika Kivoi wa Kitui, alipomtajia mmishonari Krapf ule mlima wa theluji mwaka wa 1849, alisema Kĩĩnyaa. Krapf akaandika Kenia, na nchi nzima, pamoja na wasiopata kumjua Kivoi, ikalivaa jina kama kanzu ya kuazima. Je, Kivoi aliulizwa? Hasha, wala haikulazimu.

Mzee wa kigodani, naona ugoro umekwama kati ya kidole na pua: wataka kunena kwamba upande huu wa Athi watu wa Kitui huitwa Athaisu, ilhali wao kwenu hukuita Ulu. Nayajua; nimeyasikia asubuhi hii ndani ya matatu. Yule Mswidi Lindblom, aliyechapisha kitabu kizima juu yenu mwaka wa 1920, alidhoofisha utafiti wake kwa kukaa nanyi na kujifunza Kikamba, udhaifu ambao mimi, alhamdulillahi, nimeepukana nao.

Jina lenu halisi, basi, nitalitangaza katika mhadhara wa pili, nauli ikipatikana. Mwaitu uliyeinua mkono, ushushe. Maswali hayamo katika ratiba. Ada mpeni kijana aliye mlangoni, na kwenye risiti, tafadhalini sana, jina langu liandikwe kwa tahajia yake sahihi.