Umri wa Kutuma

Nina umri wa kutuma, si wa kutumwa. Katika ukoo wetu jambo hili halina mjadala. Mtu akishaoa, akasomesha, akazika wazee wake na kuota mvi mbili tatu, miguu yake inastaafu safari za dukani. Anakaa barazani, anaita mtoto yeyote aliye karibu, hata wa jirani, na analotaka linaletwa. Hicho ndicho kiinua mgongo pekee ambacho nina hakika nacho, na sasa kuna mchezo wa simu umeninyang'anya.

Mchezo wenyewe unaitwa Old School RuneScape. Ni nchi nzima ya kubuni iliyomo ndani ya intaneti, yenye ngome, majoka, vibwengo na wachawi, na watu maelfu kutoka pande zote za dunia hukutana humo kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake. Asili yake ni RuneScape, uliotungwa na ndugu wa Gower kule Uingereza na kufunguliwa mwaka 2001. Ukarembwa na kurembuliwa miaka nenda rudi, mpaka wachezaji wakaanza kuulilia ule wa zamani; mwaka 2013 wakapiga kura na kurudishiwa mchezo kama ulivyokuwa 2007. Hadi leo jambo kubwa haliingizwi humo bila kura, na lisipopata asilimia 70 linatupwa. Mtaani kwetu hatujawahi kufikisha asilimia 70 hata kwenye suala la nani akae na ufunguo wa geti.

Mwaka 2018 mchezo ukaingia kwenye simu, na simu ndimo ulimonikuta. Aliyenipakulia ni kijana wangu wa kidato cha pili, baada ya mimi kusema mbele ya wageni kwamba michezo hii ni ya watu wasio na kazi. "Jaribu tu, Baba," akasema, kwa ile adabu yao inayotia shaka.

Jambo la kwanza ni kumpa mhusika wako jina. Nikaandika Simba wa Vita, lile jina la heshima la marehemu Rashidi Kawawa, nikiamini mzee asingenuna kusikia linakwenda kupigana na majoka. Likakataliwa. Jina halitakiwi kuzidi herufi 12, na nafasi kati ya maneno nazo zinahesabiwa. Simba wa Vita linafika 13. Nikaondoa hiyo "wa" ya katikati, nikaambiwa Simba Vita ana mwenyewe. Nikajaribu Chui, Mwinyi, Jemadari. Wote wana wenyewe. Kumbe watu wanajigawia majina huko tangu huyu kijana hajazaliwa. Akaniomba simu, akabonyeza bila hata kufikiri, akanirudishia. "Limepita, Baba." Nilikuwa nimeshakuwa Babu Kipara. Katika akaunti zote zilizomo mle, hakuna binadamu aliyekuwa amelitaka.

Ukishapata jina unaletewa sanamu ya mtu yenye mishale kushoto na kulia: nywele, ndevu, kifua, mikono, miguu, viatu, kisha rangi za kila kitu. Nikatafuta mshale wa kitambi. Hakuna. Wanaume wa nchi ile wana kiuno kimoja tu, cha mtu aliyetoka jeshini jana. Nikatafuta kanzu na kofia ya mkono nivae kiheshima, nazo hakuna. Ndevu zipo za kila mtindo, lakini ukichagua rangi ni moja kichwa kizima. Zile za kuchanganya, nyeusi mbili nyeupe moja, ambazo kwangu ni hati ya uzee, mtengenezaji hakuzifikiria. Nikatoka pale nikiwa barobaro mwembamba mwenye upara na suruali ya kijani. Mimi mwenyewe nisingempa mtu yule shikamoo.

Kabla ya kuachiwa unapelekwa kisiwani kwenye mafunzo, na hutoki mpaka umalize. Mwalimu wa mwanzo akanifundisha kuvua kamba. Mimi, mtoto wa Kilwa, nafundishwa kuvua kamba na mtu ambaye ngalawa hajawahi kuipanda! Tena unasimama ufukweni nguo kavu, unabonyeza maji, na kamba wanapanda wenyewe kwenye kijavu. Akafuata wa upishi, tukaumua mkate. Akafuata wa madini, akafuata wa silaha, ambaye mtihani wake ni kuua panya. Mwisho kabisa nikapelekwa kwa mwalimu wa uchawi, na hapo nikakaa vizuri kwenye kochi. Sisi watu wa Pwani tumepewa sifa katika fani hiyo bila kuziomba, nikataka kuona wenzetu wamefika wapi. Mwalimu, na joho lake hadi chini, akanikabidhi vijiwe vya upepo na vya akili, akanionyesha adui. Kuku. Elimu yote ile ni ya kumroga kuku. Kuku akafa, nikapongezwa, nikahesabiwa nimehitimu.

Nikaibukia Lumbridge, mji mdogo wenye ngome na mto. Nchini mle kila kiumbe mwenye kupigana ana levo yake, unaisoma ukimgusa. Kuku ana 1. Ng'ombe ana 2. Mimi nilikuwa na 3. Miaka yote hii nimelipa kodi, nimeketi vikao vya harusi na kusimamia misiba ya watu wazito, hesabu inakuja kufungwa nimemzidi ng'ombe kwa levo moja. Mwisho wa ngazi ni 126, na waliofika huko hupita mbio mbele yako wakiwa wamevaa mambo yanayowaka moto, hawatazami pembeni.

Basi nikaingia ngomeni nikitarajia kukabidhiwa jeshi. Nikamkuta mpishi amepagawa jikoni. Leo ni siku ya kuzaliwa ya Duke, bwana wa ngome. Keki haijaokwa na vifaa hana. Nikamletee yai moja, ndoo ya maziwa na chungu cha unga. Nilimtazama mtu yule kwa muda. Nyumbani kwangu yai nalipata kwa kutaja jina la mtu. Huku nikazunguka mwenyewe hadi banda la kuku, nikainama, nikaokota. Nikaenda kwa ng'ombe, nikakamua. Unga ndio uliotaka kunitoa roho: unachuma ngano shambani, unaibeba hadi kwenye kinu cha upepo, unapanda ngazi mpaka ghorofa ya juu kabisa, unaimwaga kwenye mdomo wa kinu, unavuta wenzo, halafu unateremka ngazi zote kwenda kukinga unga kule chini. Miguu iliyopanda ni ya Babu Kipara, lakini magoti yaliyouma ni yangu.

Malipo yalikuwa pointi 300 za uzoefu wa upishi na pointi moja ya misheni. Nikauliza habari ya sherehe. Mpishi akanifahamisha kwamba mezani kwa Duke wanakaa wakubwa. Kwetu hata mtoto aliyechota ndoo mbili za maji ya shughuli hajibiwi hivyo. Anafungiwa chake kwenye mfuko, japo kiwe ukoko.

Baada ya hapo ukawa mtindo. Mkulima mmoja aitwaye Fred akanituma nikanyoe kondoo na kumsokotea sufu mafundo 20. Nikapanda hadi Varrock, mji mkubwa, nikidhani watu wa mjini wana mambo ya maana. Nikamkuta Romeo, naam, yule yule wa Shakespeare, anatangatanga uwanjani hajui Juliet yuko wapi. Mimi nimewahi kuwa mshenga. Nimepeleka posa za watu kwa barua yenye hela ndani yake, nikapokewa kwa udi na marashi. Huku nikageuzwa kuwadi wa kukimbiza barua kati ya uwanja na roshani. Mwishowe nikachuma matunda ya sumu, nikampelekea mtengeneza dawa, dawa nikamnywesha mtoto wa watu ili aonekane amekufa. Basi Juliet amelazwa kaburini, hata hajapoa, Romeo akamhamia binamu yake, Phillipa, pale pale. Mshenga halisi angeitwa kikao cha pande zote mbili. Mimi niliandikiwa pointi tano, shughuli ikaisha.

Hata hayo ningeyameza kama watu wa mle wangenipa heshima yangu. Tatizo ni kwamba umri hausomeki. Anakuja mtu wa levo mia na ushee, anakuzunguka mara mbili, anakuandikia "nubu", anakwenda zake. Pengine ana miaka kumi na minne na kesho ana mtihani wa hesabu. Pengine ni hakimu wa Oslo aliyeanza kucheza akiwa shule ya msingi. Utamkemea vipi mtu usiyejua kama ni wa kumchapa au wa kumwinamia? Nimekulia mahali ambapo shikamoo moja hupanga kila kitu: nani anakaa kitini, nani mkekani, nani anakwenda kuchota maji. Mle shikamoo ni ya aliyekata miti mingi.

Mara moja tu uzee ulinifaa. Kuna deraya zenye marembo ya dhahabu pembeni, adimu na za bei, na mchezo wenyewe hauna fundi wala ufundi wa kuzitia hayo marembo. Nimesimama kwenye soko kuu la Varrock, wanaloliita Grand Exchange, jamaa akanijia kwa upole. Anapamba deraya za watu bure, kwa mapenzi tu, nimkabidhi yangu kidogo. Maskini, hakujua anaongea na nani. Mimi ni raia wa nchi ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Nimeandikiwa meseji na mwenye nyumba ambaye sijapanga kwake, na mganga aliyeniita mjukuu, na watu wa Freemason waliokuwa wamenichagua niwe tajiri kabla ya Ijumaa. Nikamwambia aniachie kwanza deraya yake yeye iwe amana. Akanyamaza, akayeyuka. Siku hiyo nilitembea Varrock kifua mbele, na suruali yangu ya kijani.

Kijana ananisihi nisikate tamaa. "Baba, ukifika levo 99 ya fani yoyote watu watakuheshimu." Nikamwomba hesabu. Levo 99 inataka pointi 13,034,431. Mti wa kawaida unatoa pointi 25. Ukishikilia hiyo miti ya kawaida tu, utakata 521,378. Watu wa misitu wasisikie, ingawa kwa haki ya Mungu miti ya huko huota tena kabla hujafuta jasho. Halafu usije ukadhani levo ya 50 ni nusu ya safari. Nusu iko levo ya 92. Saba zinazobaki zinakula pointi sawa na zote ulizokwisha kuzipanda. Na siku ya mahafali yako, joho la heshima hupewi, unauziwa, sarafu 99,000. Nimesomesha wakubwa wa huyu kijana hadi chuo. Huo mtindo wa kutozwa hela ya joho wakati ada imeshalipwa yote naujua, nilidhani ni wa kwetu tu.

Mama watoto anauita mchezo wa watoto. Nikamketisha, nikamweleza habari za Venezuela. Sarafu yao ilipoporomoka, kuna watu wazima na akili zao waliokuwa wakishinda mle ndani wakiua majoka ya kijani, dhahabu ya mchezo wakaiuza kwa fedha ya kweli, kinyume cha kanuni za mchezo, lakini watoto wakala. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na wewe baba watoto," akauliza, "joka lako liko wapi?"

Nikamwambia bado niko kwenye kondoo.

Hayo yote ni ya nchi ya kubuni, na ningeyaacha huko huko. Kinachonikera ni kwamba yamevuka mpaka. Juzi umeme ulikatika, nikamtuma kijana dukani kiberiti. Hakukataa; hatukumlea hivyo. Alikuja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akauliza kwa heshima zote misheni hii ina pointi ngapi, na kama chakula cha usiku ni cha wakubwa peke yao au na waliotumwa nao wamealikwa. Mdogo wake wa kike akacheka gizani. Nikamwambia katika nyumba hii hakuna pointi, kuna amri ya baba. Akasema sawa, Baba, lakini badiliko kubwa lazima lipigiwe kura.

Tulikuwa watu wanne sebuleni. Hoja ya "Baba aende mwenyewe" ikaungwa mkono na yeye, na mdogo wake, na mtu mmoja mzima ambaye nilimlipia mahari taslimu. Kura tatu kati ya nne ni asilimia 75. Nimepiga hesabu hiyo njia nzima kwenda dukani na inagoma kushuka chini ya 70.

Mwenye duka akanimulika na tochi ya simu, akashtuka. "Shikamoo mzee! Leo umekuja mwenyewe? Watoto wamesafiri?"

Nikamwambia hapana, wamepiga kura.